Kina cha Kilio Kambi Muru

Alhamisi jioni, mvua ya mchana ikiwa imetulia, kanisa dogo la mabati pale Kambi Muru, Kibera, lilikuwa linanuka udongo mbichi. Stima ilikuwa imepotea mtaa mzima. Kina mama kumi na wawili, wanaume watatu na msichana mmoja wa kidato cha nne walikuwa wamebanana kwenye fomu za mbao karibu na mlango, palipokuwa bado na mwanga. Pasta alichukua kipande cha chaki akaandika ubaoni, kwa herufi kubwa, neno moja: KINA.

"Nani atanieleza hili?"

Mama anayeuza samaki kando ya reli alijibu kwanza. "Ni urefu wa maji kwenda chini, Pasta. Kama kina cha Nairobi Dam."

Msichana akainua mkono. "Ni sauti zinazofanana kwenye mishororo. Vina na mizani, Pasta. Tulisoma."

"Hata sisi hapa ni kina mama," mwingine akasema, na watu wakacheka kidogo, kicheko cha kwanza nilichokisikia katika kundi lile kwa wiki mbili.

Pasta akasema wote wamepata, ila neno aliloliandika si la Kiswahili. Ni la Kiebrania, na mkazo wake uko mwisho, kiná. Maneno haya hayana undugu wowote. Yamekutana njiani kama watu wawili wenye jina moja. Lakini sikio la Mswahili haliwezi kulisikia neno hilo bila kusikia pia maji marefu, ubeti wa shairi na wanawake waliokaa pamoja. Nami nikiri mapema kwamba tangu jioni ile sijaweza kuvitenganisha vitu hivyo vitatu.

Kundi hili halikuanza kusoma neno hilo kwa ajili ya elimu tu. Lilianza kwa sababu ya mzozo.

Wiki mbili kabla, mmoja wa kina mama hawa alifiwa na mwanawe, kijana wa bodaboda. Alitoka nyumbani alfajiri, saa nne asubuhi simu ikapigwa. Kama ilivyo desturi ya mtaa, tenti iliwekwa penye uwazi kati ya ploti mbili, viti vya plastiki vikakodishwa, jenereta na spika vikaletwa, na kila jioni watu wakakusanyika. Daftari la michango lilizunguka. Namba ya M-Pesa ilisomwa na kurudiwa. Palikuwa na gharama ya mochari inayopanda kila siku, ya jeneza, ya gari la kupeleka mwili Vihiga, ya chakula cha watakaosafiri. Kufia Nairobi ni jambo ghali, na wengi wa watu wa Kibera na Kawangware hawazikwi hapa. Makaburi ya umma ya Langata yalitangazwa kuwa yamejaa tangu 1996, lakini hata yangekuwa na nafasi, Mluhya na Mjaluo wanataka kulala kwao.

Jioni ya nne alikuja nyanya mmoja kutoka Kawangware, shangazi ya baba wa marehemu. Watu wa huko kwao humwita Kukhu, yaani bibi, nami nitamwita hivyo. Alikuja na fimbo na kanga iliyofungwa kiunoni. Hakusalimia mtu. Aliingia katikati ya tenti, akaanza kutembea polepole kuizunguka picha ya kijana iliyokuwa juu ya meza, na akaimba kwa Kiluhya. Alimwita kijana kwa jina lake, kisha kwa jina la babu aliyempa jina. Aliiuliza pikipiki ilimpeleka wapi. Kila mstari ulianza kwa nguvu ukaishia chini, kana kwamba pumzi inakatika mahali palepale. Jirani yangu alininong'oneza maana: ulitoka asubuhi ukicheka, umerudi kimya.

Mama wa marehemu, ambaye kwa siku tatu alikuwa amekaa mkekani macho makavu, akainua kichwa. Akaanza kuitikia. Halafu akalia.

Hapo ndipo mzee mmoja wa kanisa alipochukua maikrofoni. Kwa upole, na nadhani kwa nia njema, akasema kwamba sisi hatulii kama watu wasio na tumaini, akaanzisha pambio la kusifu. Spika ilimfunika Kukhu. Akasimama kidogo, akatazama pale sauti ilikotoka, akaenda kuketi. Mama wa kijana naye alinyamaza, akarudi kwenye ukavu wake.

Pasta aliniambia hakulala vizuri usiku ule. Alisomea Kiebrania chuoni miaka mingi iliyopita, na vitabu vyake viko ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda kwa sababu ya panya. Alivitoa. Alitaka kujua kama mzee wa kanisa alikuwa sahihi.

Alichokikuta ndicho alichokileta ubaoni.

Kiebrania cha Biblia hakina neno moja tu la msiba. Lipo la kutokwa na machozi, bekhi. Lipo nehi, ukemi wa uchungu. Lipo misped, linaloendana na kujipiga kifua. Na lipo kina. Biblia zetu za Kiswahili mara nyingi huyamwaga haya katika kapu moja la "maombolezo" na "kilio", na hapo tofauti kubwa inapotea. Maana machozi huja yenyewe. Ukemi humtoka mtu bila kupanga. Kina haimtoki mtu hivyo. Kina ni utungo, wimbo wa msiba uliopangwa maneno na kupimwa mapigo, unaoimbwa na mtu anayejua kuuimba.

Neno hilo limo mara 18 katika Agano la Kale, na zaidi ya nusu ya hizo ziko kwa Ezekieli. La ajabu ni kwamba halimo hata mara moja ndani ya kitabu tunachokiita Maombolezo. Kitabu hicho kwa Kiebrania hubeba jina la neno lake la kwanza, Eikha, ambalo ni mguno wa mtu anayetazama asichoweza kuamini: imekuwaje? Walimu wa Kiyahudi wa kale ndio waliokiita pia Kinot, wingi wa kina, kwa kuwa waliutambua utungo walipousikia.

Mifano yenyewe ni mizito. Daudi alipoletewa habari kwamba Sauli na Yonathani wameanguka mlimani Gilboa, alitunga kina, na kitabu cha pili cha Samweli kinasema aliagiza watu wa Yuda wafundishwe. Wafundishwe. Utungo huo hauna jina la Mungu hata mara moja. Hauna aya ya faraja. Una silaha, umande, milima, tai na simba, wanawake waliovalishwa mavazi mazuri na mfalme yule, na rafiki aliyemwita ndugu yake. Nilipousoma upya nyumbani niliona kitu ambacho miaka yote nilikipita: Daudi hasemi lolote baya juu ya Sauli, mtu aliyemwinda kwa mkuki. Kina ni mahali pa kumtaja mtu kwa ukubwa wake wote, siku moja kabla ya udongo kumfunika.

Halafu kuna Yeremia, sura ya 9. Taifa linaelekea kuangamia, na nabii anatoa amri ya kushangaza: waiteni wanawake waombolezaji, wale wenye ustadi, waje haraka, watuanzishie kilio, macho yetu yapate kutoa machozi. Kwa Kiebrania wanaitwa mekonenot, wanawake wa kina. Mistari michache mbele anawaagiza wanawake hao wawafundishe binti zao nehi, na kila mmoja amfundishe jirani yake kina. Pasta aliposoma hapo alinyamaza kidogo, akamtazama mzee wa kanisa, aliyekuwa ameketi fomu ya nyuma kofia mkononi. Mzee hakubisha. Alisema tu, "Sikujua ipo hivyo."

Wale wa taaluma wamechunguza hata pumzi ya utungo huu. Mwaka 1882 msomi Mjerumani, Karl Budde, alionyesha kwamba mistari mingi ya kina ina vipande viwili visivyolingana. Cha kwanza hubeba mapigo matatu, cha pili mawili. Mstari unaanza mzima na kuishia ukichechemea. Wengine baada yake wamesema, na wana haki, kwamba si kila kina inafuata kipimo hicho. Sura ya 5 ya Maombolezo, kwa mfano, karibu yote haikifuati. Lakini mahali kinapofuatwa, mwili unakitambua. Pasta aliandika ubaoni ule mstari wa Kukhu ambao na yeye aliukumbuka, kwa Kiswahili:

Ulitoka asubuhi ukicheka,
umerudi kimya.

Akagonga ubao kwa kidole. Ulitoka, asubuhi, ukicheka: matatu. Umerudi, kimya: mawili. Kina mama wakarudia wakigonga fomu kwa viganja, na kila walipofika pigo la tano palikuwa na shimo, mahali ambapo pigo la sita lingekuwa. Nililisikia shimo hilo kifuani. Kukhu hajawahi kumsikia Budde, wala hahitaji.

Kiswahili kina neno la utungo huu, nalo ni zuri kuliko "maombolezo": mbolezi. Wanafunzi wetu wa sekondari wanalijua. Wamelikariri pamoja na hodiya, nyimbo za kazi. Kimai, nyimbo za mabaharia. Nyiso, nyimbo za jandoni. Bembelezi, nyimbo za kulaza watoto. Msichana wa kidato cha nne alilitaja mara moja alipoulizwa. Lakini alipoulizwa kama amewahi kuimba mbolezi, akasema hapana. Amewahi kuandika jibu la swali la alama mbili. Linaniuma hilo, kwa sababu mtoto huyu ameshahudhuria vilio vingi katika umri wake, na katika vyote alichokisikia ni spika.

Simlaumu mtu wa spika peke yake. Nairobi inataka kilio kiwe na manufaa. Jioni saba za msiba ni jioni saba za kuchanga, na mchango ni upendo wa kweli katika mtaa ambako wengi hula kwa kibarua cha siku. Mshereheshaji anayejua kuchangamsha watu huokoa familia na deni. Kule magharibi mwa Kenya jambo hili limefika hadi disko matanga, ngoma ya usiku kucha ya kukusanya pesa, ambayo serikali imeipiga marufuku mara kwa mara kwa sababu ya mabaya yanayowapata wasichana gizani. Katika harakati hizo zote utungo wenyewe umebanwa nje. Tumebaki na bajeti, ratiba, mahubiri na picha ya marehemu kwenye fulana.

Kambi Muru si mtaa wa Wakristo pekee, na jina lake si la Kiluhya wala Kijaluo. Kijiji hiki, kama Kambi Lendu na Kambi Aluru, kimebeba majina ya watu waliotoka Sudan na mipakani mwa Kongo na Uganda, askari wa King's African Rifles na familia zao, ambao mwanzoni mwa karne iliyopita walikaa kwenye msitu waliouita Kibra. Wajukuu wao, Wanubi, walisubiri karibu karne nzima kabla ya kupewa, mwaka 2017, hati ya pamoja ya ekari 288. Wao ni Waislamu, na msiba wao unaendeshwa kwa namna nyingine kabisa. Maiti huzikwa siku hiyohiyo ikiwezekana. Kuna dua, kuna hitima, kuna eda ya mjane. Kupiga mayowe na kumlilia maiti kwa kumsifu, niyaha, kumekatazwa; machozi hayajakatazwa, kwani Mtume mwenyewe alilia mwanawe Ibrahim alipofariki.

Nilimuuliza hajati mmoja, jirani wa ile tenti, ambaye alikuja kila jioni na sinia la mandazi, alimwonaje Kukhu. Alifikiri kwa muda. "Sisi hatuimbi, mwanangu," akasema. "Lakini yule bibi hakuwa anapiga kelele. Alikuwa anamhesabu yule kijana, kitu kimoja kimoja, ili asipotee hata kimoja. Hilo nililielewa."

Jumamosi iliyofuata mazishi nilivuka Ngong Road nikaenda Kawangware kumtafuta Kukhu. Anakaa chumba kimoja na mwanawe wa kike, nyuma ya kibanda cha kuchoma mahindi. Alinikaribisha kwenye kigoda, yeye akaketi kitandani, akanipa chai ya rangi iliyokolezwa tangawizi. Nilimwambia Pasta amesema nini, kwamba ndani ya Biblia kuna wanawake kama yeye na kwamba waliitwa kwa amri ya nabii. Hakuonekana kushangaa. Alisema kama Biblia ina watu wanaokufa lazima iwe na watu wa kuwalilia.

Nilimuuliza alifundishwa na nani.

"Mama. Nilikuwa bado sijaota meno ya ukubwa vizuri. Mwewe alinyakua kuku wetu, kuku mwenye vifaranga. Mama akaniambia, haya, mlilie. Nikaanza kulia. Akanichapa kidogo hapa," akagusa bega, "akasema, hapana, hayo ni machozi. Mimi nataka umlilie. Kuku huyo alikuwa wa nani? Alitagia wapi? Vifaranga ni wangapi? Usiku wa leo watalala chini ya nani? Nikasema hivyo vyote. Nilipofika kwa vifaranga, mama akaanza kulia yeye."

Alinionyesha, akitumia vidole. Unaanza na jina. Kisha watu wake, waliomtangulia. Kisha kazi ya mikono yake. Kisha kile alichokiacha nusu: shamba lililolimwa upande mmoja, deni, ahadi, sufuria. Kisha unanyamaza. "Kunyamaza ndiko kugumu. Vijana hawajui kunyamaza, wanaogopa." Nilipomuuliza kuhusu faraja, kuhusu Mungu, alisema hiyo ni kazi ya mwingine, nayo ina saa yake. Nikakumbuka kwamba hata majirani wa watu wake, Wabukusu, wana kumuse: baada ya mazishi, mzee wa ukoo maalumu anayejua historia na desturi hutembea mbele ya watu akisema nao juu ya kifo na maisha. Wajaluo wana tero buru, kumfukuza mauti kwa mbio za ng'ombe na vita vya kuigiza. Kila kitu na siku yake. Hakuna aliyefikiri kwamba faraja inaweza kuwahi kufika kabla ya mtu kutajwa.

Hata kitabu cha Maombolezo hakiharakishi. Sura tano nzima hakuna mahali Mungu anapojitokeza kujibu. Kinaishia kwenye mstari mchungu kiasi kwamba Wayahudi, wanapokisoma kila mwaka siku ya tisa ya mwezi wa Av wakiwa wameketi chini kama wafiwa, hurudia mstari wa kabla ya mwisho ili wasiagane na neno lile la mwisho.

Wala kina haikutungiwa watu tu. Maombolezo yote ni kilio cha mji: Yerusalemu iliyobomolewa na Wababeli mwaka 587 au 586 KK, mji uliogeuzwa mjane aketiye peke yake. Ezekieli aliutungia kina mji wa bandari, Tiro, akiuchora kama jahazi zuri lenye tanga la kitani na shehena ya pembe za ndovu na mpingo, hadi linavunjika katikati ya bahari. Amosi alithubutu kuwaimbia kina watu waliokuwa bado hai na wanakula vizuri. Na hapa kwetu, katika Pate, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi yapata miaka 200 iliyopita, akitembea na moyo wake ndani ya majumba matupu ya mabwana wa zamani, ambako madaka ya sahani za thamani yamekuwa makao ya ndege. Yeye alitaka kuifundisha roho isiipende dunia, na hapo anaachana na Yeremia. Lakini jicho linalotazama daka tupu ni lilelile.

Nasema hivi kwa sababu jioni ile ya Alhamisi, Pasta alipofika kwenye kilio cha mji, darasa lilibadilika. Tarehe 23 Julai 2018, Jumatatu asubuhi, matingatinga yaliingia Kibera kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Langata Road. Watetezi wa haki za binadamu walikadiria kwamba watu wapatao 30,000 walipoteza makao, na shule zilibomolewa wanafunzi wakiwa katika muhula. Barabara ipo, na inasaidia. Magari yanapita. Watatu katika kundi hili walikuwa na vyumba pale yanapopita. Yule mama wa samaki alisema, bila kuulizwa, "Sisi hatukufanya matanga."

Watu walitaka kujua kama inaruhusiwa kuililia nyumba ya mabati ambayo hata si yako, unalipa kodi kwa landilodi. Pasta akasema anaanza kuamini kwamba imeagizwa.

Ndipo msichana wa kidato cha nne alipotoa wazo. Pasta alikuwa ameeleza kwamba sura nne za mwanzo za Maombolezo zimefuata alfabeti: Kiebrania kina herufi 22, na kila ubeti unaanza na herufi yake, ya tatu ikizidisha hadi mistari 66. Washairi wa pwani nao walitunga hivyo kwa alifu na bee na tee. Kwa nini uchungu uandikwe kwa alfabeti, wengi wamejiuliza. Msichana alisema labda ni ili ujue kwamba kuna mwisho, kwamba ukifika herufi ya mwisho utaweza kusimama. Hilo ni jibu zuri kuliko yote niliyoyasoma. Akasema, na sisi tufanye. Kiswahili kina herufi 24, tukiihesabu ch.

Wiki iliyofuata Kukhu alikuja. Mzee wa kanisa mwenyewe ndiye aliyempokea stegini na kumshika mkono kuvuka mtaro. Aliketi kwenye kiti cha mbele, msichana akafungua daftari la kurasa 96, na kina mama wakaanza. Walibishana sana. Walitupa mistari mingi. Kukhu aliwakataza maneno makubwa, kila aliposikia "mateso" au "dhuluma" alitikisa kichwa akauliza, "Nyumbani kulikuwa na nini?" Polepole kurasa zikajaa.

Asubuhi yalikuja matingatinga,
chai jikoni.

Bati likakunjwa kama karatasi,
tukasimama kimya.

Chumba cha watoto wanne
sasa ni lami.

Darasa lilikuwa hapa,
kengele hailii.

Kwenye E walimwita jirani mmoja waliyekuwa wakiazimana chumvi, ambaye hawajui alihamia wapi. F ilikuwa fundi wa viatu na kibanda chake. Kwenye H walikwama hadi mtu akakumbuka hodi: ule mwito wa mlangoni, na hakuna mlango wa kuuitia. Mama wa samaki aliruka mbele hadi U kwa sababu mstari wake ulikuwa umemjia na aliogopa kuusahau. Alisimama kuusema:

Ufunguo ningali nao mkononi,
mlango hakuna.

Alikuwa nao kweli, kwenye kifundo cha kanga, ufunguo mdogo wa kufuli. Aliuonyesha, akaufunga tena.

Walirudi kwenye J, kisha K. Palikuwa na ukimya mrefu. Mtu alipendekeza "kijiji", mwingine "kuta". Mama wa marehemu, aliyekuwa ameketi mwisho wa fomu na ambaye jioni nzima hakuwa amechangia neno, akasema kwa sauti ya kawaida, akitazama mikono yake:

Kikombe chako kingali mezani,
chai imepoa.

Hakuna aliyepumua. Mstari huo haukuhusu barabara. Msichana alimtazama Pasta, kisha akamtazama Kukhu, kalamu ikiwa hewani.

"Niandike?"

"Andika," Kukhu akasema.

Akaandika. Kisha wakaendelea na L.